Mkono wa Mkwe, Bondeni kwa Pofu

Jumapili, baada ya kanisa. Jua limejaa dirishani lakini halina kazi, linaangaza tu, halimpashi mtu joto. Hii ndiyo miezi ya Johannesburg nisiyoipenda. Majani yanakauka, midomo inapasuka, na baridi inaingia bila kubisha hodi.

Siwezi kukaa. Nimeteleka maji ya chai nikayasahau, yamekauka mpaka sufuria imeanza kunuka. Nimechukua gauni la mteja nilipinde, nimelipinda upande usio wake, nimelifumua. Nimesimama dirishani kuwatazama watu wa Hillbrow chini huko wakibishana na dereva wa taksi, na hata ugomvi wa watu leo haunipi raha. Basi nimechukua simu. Kuandika ndiko kunakonikalisha chini.

Wanaonisoma hapa wananijua. Shule sikukanyaga, herufi nilizipata kanisani, kwa Biblia, nikiwa mama wa watoto. Kwa hiyo mkiona nimekosea, someni mbele. Leo sina ya kuchekesha mengi. Nina jambo moja, nimelibeba tangu jana, na likikaa mdomoni mwangu mpaka jioni litaharibu watu watatu ninaowapenda.

Nianze na hao watu.

Binti yangu ni Riziki. Mumewe simtaji jina kwa sababu ni mkwe wangu. Namwita Baba Neema, kwa jina la mjukuu. Wao wanakaa ghorofa ya juu yangu, jengo hili hili. Kwetu Fizi, kule Kongo, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Mchungaji aliwahi kunitania kwamba hata hapa jengo zima lina paa moja. Nikamwambia zege lililo katikati ni ardhi, na yeye akae na injili yake.

Kwa vijana mliozaliwa huku msiojua: mkwe haniangalii usoni, nami simwangalii. Hatupeani mikono. Yeye hali chakula mbele yangu, mimi sili mbele yake. Nikiwa na neno naye nalipitisha kwa Neema. "Neema, mwambie baba yako taa ya ngazini imeungua." Baba mwenyewe amesimama pale pale, amesikia, lakini anangoja Neema aseme. Na Neema ana miaka sita, Kiswahili anakielewa ila kinywani mwake kinatoka Kiingereza na Kizulu, kwa hiyo maneno yangu yanamfikia mkwe yamebadilishwa nguo. Tumeishi hivyo miaka yote na hatujawahi kukosana. Watu wanaona ni ushamba. Mimi naona mtu usiyemkodolea macho huwezi kumzoea vibaya.

Baba Neema anapiga picha. Harusi, ubatizo, sherehe za watu kule Newtown, hizo ndizo zinazowalisha. Lakini mapenzi yake ni wanyama. Jumamosi isiyo na harusi anaondoka alfajiri kwenda bonde moja la mto, nje kabisa ya mji, kuwavizia pofu na kamera. Pofu ni mnyama mkubwa, mwili wa ng'ombe, pembe zimesokotwa kama kamba, na ngozi inaning'inia shingoni kama shela iliyolegea. Miezi hii nyasi zikikauka wanateremka mtoni, madume wanafuata majike, na watu wanatoka mjini kuja kuwaona. Sasa mwenye shamba lile la wanyama amezipenda picha zake. Amemwambia, njoo ukae huku, uwe unawapeleka wageni na kuwafundisha kupiga picha. Nyumba ipo, shule ya mtoto ipo karibu. Aanze mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Riziki anataka. Neema anataka pia, anafikiri atapewa pofu wa kufuga. Aliyebaki ni mimi, kwa sababu Riziki amesema hahami bila baraka yangu.

Mimi nimekuwa nasema hapana kwa maneno ya watu wazima. Porini, nyoka, hospitali mbali, jirani hakuna, mtoto akiugua usiku mtamkimbiza wapi. Yote ni kweli, na si kwa sababu hiyo nasema hapana. Neema anateremka ngazi kila asubuhi kabla sijamaliza kufunga kitenge. Namkorogea uji, namchana nywele, ananung'unika, nampeleka shule, njiani ananifundisha Kizulu na kunicheka. Wakihama nabaki na cherehani. Nyumba ile ya bondeni wameniambia ni moja, vyumba vyake viko chini ya bati moja, nami humo silali. Nitakuwa mgeni wa kunywa chai na kurudi.

Naogopa. Ndiyo hivyo tu.

Basi nikatafuta ujanja. Nikasema siwezi kutoa jibu juu ya mahali ambapo macho yangu hayajafika. Nilidhani nimewafunga. Baba Neema, kupitia Neema, akasema twende Jumamosi wote wanne.

Jumamosi yenyewe, ambayo ni jana, Neema akaamka na homa. Nikashusha pumzi, nikaanza kuvua viatu. Riziki akanishika bega akanielekeza mlangoni.

"Mama, panda gari. Ulisema unataka kuona, nenda ukaone."

"Niende na nani?"

"Na gari."

Mtoto huyu nilimzaa mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Nikapanda kiti cha nyuma, upande ambao kioo cha dereva hakinifikii, nikajitanda kitenge mpaka kwenye paji la uso. Tukaondoka. Tulipofika kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, mkwe akaupigapiga usukani taratibu akasema, "Gari, kama kuna mtu anasikia baridi huko nyuma, blanketi lipo."

Nami nikasema, "Gari, blanketi limeonekana."

Njia nzima ikawa hivyo. Gari likaulizwa kama lina kiu. Gari likaambiwa liache kuyapita malori kwa fujo, kuna mtu ana moyo mbovu. Likajibu, "Gari limesikia, litakwenda kama bibi harusi." Nilicheka ndani ya kitenge, nikajifanya nakohoa. Tukapita vilima vya mchanga wa migodi, tukapita mashamba yaliyochomwa kingo zake, moshi umelala chini kwa baridi. Mji ukaisha. Mimi na mkwe wangu hatujawahi kuongea mengi kama tulivyoongea na lile gari.

Getini askari mwenye kofia ya sufu akatuambia jambo moja tu: hakuna kushuka garini ila pale penye alama. Akarudia akinitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimejitanda kama mgonjwa. Nilisikia vizuri. Nayaandika haya ili baadaye msianze kunitetea.

Bonde ni zuri. Naudhika kulisema, lakini ni zuri. Nyasi zimegeuka rangi ya mkate ulioiva. Ukingoni mwa mto kuna miti mirefu iliyosimama mstari, majani yote ya njano, yanadondoka hata bila upepo. Maji ni machache na yametulia. Mahali pa kwanza tulikuta magari mengine, watu wamezima injini, wametoa madirishani lenzi ndefu kama bomba la kuzimia moto, na wote wamenyamaza kama wako mazikoni. Mkwe hakukaa nao. Alizunguka, akashuka njia ya mawe mpaka pembe moja ya mto yenye matete, akaegesha chini ya mti wa miiba.

Akashusha kioo. Akatoa kifuko cha kitambaa, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha, akalaza lenzi juu yake. Nikakitambua kitambaa. Mwaka jana Riziki alinijia akasema Baba Neema anataka mto mdogo uliojazwa maharage, nami nikaushona nisiulize. Nilidhani shingo inamsumbua. Nimeiombea ile shingo kanisani, na wenzangu wakanisaidia kuiombea.

Tukangoja. Kazi yake ni hiyo, kungoja. Majike wakaja, wakanywa, wakaondoka na ndama wao. Hakupiga picha nyingi. Baada ya muda akaanza kuiambia kamera, sauti ya chini kabisa, kwamba kuna dume mmoja mzee, mkubwa kuliko wote, mwenye nywele nyeusi zilizosimama kwenye paji, ambaye huja kunywa pembe hii jua likishavuka miti. Kwamba tangu majani yaanze kukauka hajampata sawasawa hata siku moja. Kwamba mwenye shamba anaitaka picha hiyo ndiyo aibandike getini, wageni waione wakiingia.

Nilimtazama mgongo. Mgongo si uso. Ni mwanamume ambaye harusini hatulii, anakimbia huku na huku anapanda viti, lakini pale alikuwa ametulia kama mtu aliye nyumbani kwake. Hilo lilinichoma, na sikutaka linichome.

Sasa njaa. Tuliondoka alfajiri, jua lilikuwa limepanda, na hakuna aliyekuwa ameweka kitu mdomoni. Nikaona anainama, anavuta kopo la chakula alilotupakilia Riziki, anafungua kifuniko. Chapati na mayai, harufu ikajaa gari zima. Akalishika kopo mapajani, akakaa hivyo, haendi mbele wala nyuma.

Nikawaza, masikini mtoto wa watu. Anashindwa kula kwa sababu nyuma ya mgongo wake kuna kizee. Ataendesha njia yote ile na tumbo tupu kwa ajili yangu. Nikafungua mlango polepole, nikashuka, nikaenda kukaa juu ya jiwe karibu na matete, nikalipa gari mgongo ili ale.

Ndiyo, nilishuka. Hapo hakuna alama yoyote.

Nilikaa nikitazama maji. Nikasikia kitu kinalia tik, tik, tik, kama mtu anajivunja vidole. Nikadhani ni injini inapoa. Kikaendelea, na kikawa kinakuja. Nikageuza shingo. Kwenye matete, karibu na jiwe langu kama meza yangu ilivyo karibu na kitanda, alikuwa amesimama yule dume. Magoti yake ndiyo yanayolia hivyo akitembea. Sikuwa nimejua mnyama anaweza kuwa ukuta. Alikuwa na matope kwenye pembe na majani yamening'inia humo, akainamisha kichwa, akaanza kuchimba nyasi kwa pembe, na pumzi yake ilikuwa inatoka moshi kwa baridi.

Nyuma yangu maji. Mbele yangu yeye.

Mkwe wangu hawezi kuniita jina. Honi akipiga, mnyama atashtuka anikanyage. Hakukuwa na Neema wa kutumwa. Akaja yeye. Sikumsikia anakuja, nilisikia mkono. Alinishika mkono, akanizungusha mwingine kiunoni, akaninyanyua kama gunia la unga akanirudisha nyuma nyuma mpaka garini, akanisukumia kwenye kiti cha mbele, akapanda juu yangu kupita upande wake, akafunga mlango. Kamera ilikuwa imelala chini nje, pale alipoiachia. Yule dume akapita pembeni ya dirisha, mbavu zake zikakwaruza kioo, akaikanyaga lenzi nikasikia inavunjika, akateremka kunywa maji. Mwanga wote uko juu yake. Kila kitu mkwe alichokingoja tangu majani yalipoanza kukauka kilikuwa pale mbele yetu, na hakuna wa kukipiga picha.

Tulikaa bega kwa bega.

Akanigeukia. Akanitazama usoni. Kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake, nayo ni ya mtoto.

"Mama, ungekufa."

"Na wewe ungekula," nikamwambia. "Nilishuka ili ule."

"Nile? Mimi?" Akakiokota kile kifuniko kilichokuwa kimeanguka miguuni mwake. "Nilifungua nikuachie wewe. Riziki alisema usikae na njaa, una dawa za presha. Nilikuwa najipanga nishuke mimi, ili ule."

Hebu fikirini. Watu wawili wazima ndani ya gari, kila mmoja anatafuta namna ya kutoka ili mwenzake ashibe. Tungeheshimiana kidogo zaidi, pofu angetukuta wote wawili nje.

Nilicheka. Naye akacheka, kisha akaacha kucheka, akafuta uso kwa mkono wa sweta. Ndipo akasema, bila gari, bila kamera, bila mtoto:

"Mama, niambie mwenyewe. Unataka tuhamie huku, au hutaki?"

Nikatazama mbele. Nikasema, "Endesha."

Dume alipokwenda zake, mkwe akashuka akaokota kamera na lenzi yake, nami nikarudi kiti cha nyuma. Njiani gari halikuulizwa kitu.

Tulipofika, Riziki aliiona lenzi kabla hajatuona sisi. Baba Neema akamwambia iliteleza mkononi, alizembea. Riziki akamfokea vizuri, kwamba kitu cha kazi, tena mwezi huu wa kuhama, unakiangushaje kama sahani. Alimfokea mbele yangu, jambo ambalo kwetu nalo halifanyiki. Yeye akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli, Mama Neema, nilizembea."

Mimi nilikuwa pale. Nilikunywa chai yangu.

Hicho ndicho kinachoninyima kukaa.

Maana kuna hili, na ninyi wa kwetu mmeshaliona kabla sijalisema. Mkwe akimgusa mama mkwe, panaitishwa kikao. Mpaka wazee wakae, wasikilize, mbuzi aliwe na neno lioshwe, mke hafuati mume kwenye nyumba mpya. Na wazee wetu wamesambaa. Mmoja yuko Durban, mwingine Cape Town, mwingine Lubumbashi, na huyo anapatikana siku mtandao ukitaka. Kikao cha mwisho tulichofanya hapa kilianza watu wakiwa na makoti na kikaisha wakitoka jasho. Nafasi ya bondeni haiwezi kungoja hivyo.

Kwa hiyo ninalo neno. "Alinishika." Ni neno moja na ni la kweli, hata shahidi halihitaji. Nikilisema kwa mtu anayehusika, safari imekufa, Neema anaendelea kuteremka ngazi asubuhi, na hakuna atakayesema bibi alikataa. Watasema ni desturi. Nitainamisha kichwa kwa huzuni na moyoni napiga vigelegele.

Tangu jana nimelionja neno hilo ulimini. Sitawadanganya, ni tamu.

Leo asubuhi, nje ya kanisa, Mama Chantal akanifuata. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kwetu hapa mjini, na vikao vyote vinaanzia mdomoni mwake. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani nilichomshonea, ambacho kinambana kwa sababu alikataa niandike kipimo cha kweli.

"Dada yangu, nasikia jana ulikuwa porini na mkwe."

"Nilikuwa na gari."

"Gari lina dereva. Ulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Kwenda na kurudi?"

"Mama Chantal, unataka kujua nilikaa wapi au unataka kuandika tikiti?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Kwenda na kurudi, dada?"

Hapo ndipo palipokuwa mlango. Umefunguliwa wazi, mtu ameushika anaulizia kama naingia. Nilifungua mdomo. Nikaona watoto wa Sunday school wanatoka, na kati yao Neema hayupo kwa sababu bado ana homa, na kwa mara ya kwanza nikauona uwanja wa kanisa utakavyokuwa bila yeye. Neno likafika hapa mbele ya meno.

"Nimechoka, Mama Chantal. Tutaongea."

"Basi nakuja jioni kunywa chai," akasema. "Nitakuja na wenzangu."

Jioni ndiyo hiyo inakuja. Jua limeshatoka kwenye meza liko ukutani.

Juu ya dari yangu nasikia nyayo. Anatembea. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi. Sisi wawili leo ni sawasawa, zege limetutenganisha. Yeye amejua tangu jana nina neno gani mdomoni, kwa sababu amelelewa na bibi yake na desturi anazijua kuliko Riziki. Alijua wakati ananishika. Hakuwa mtoto wa mjini aliyesahau. Aliona pofu, akaona mkwe, akajua kwamba akinigusa anaweza kupoteza nyumba, kazi na safari, akanigusa. Baadaye akafika nyumbani akachukua lawama ya lenzi ili mimi nisionekane kizee mjinga aliyeshuka garini. Na tangu hapo hajatuma mtu kuniomba nikae kimya. Angeniomba, ningemkasirikia, ningepata nguvu za kumwangamiza. Hakuomba.

Ni mkwe wa kuudhi. Hakupi hata nafasi ya kumchukia.

Nimefikiria kumwambia Mama Chantal uongo. Kwenda na kurudi nilikaa nyuma, hakuna kilichotokea, chai hii hapa, maandazi hayo. Lakini najijua. Uongo kwangu haukai, na siku nikiwa mpweke sana, mwezi mmoja au miwili baada ya wao kwenda, nitalitoa lile neno kwa hasira niwarudishe. Neno likibaki kwangu litakuwa silaha kila siku. Dawa yake ni kulitoa sasa, lote, na upande wangu ukiwemo, mahali ambapo kila mtu anasoma.

Kwa hiyo, Mama Chantal, najua unasoma hapa, unajifanya husomi. Ondoa mkono kwenye simu kwanza, usimpigie mzee wa Durban. Sikiliza.

Mkwe wangu alinishika. Mkono na kiuno. Nilikuwa nimeshuka garini mahali palipokatazwa, baada ya kuambiwa na askari, kwa akili zangu mwenyewe. Pofu alikuja, angeniua. Lenzi niliivunja mimi kwa miguu ya mnyama. Riziki, umemfokea bure mumeo, panda kitandani umbembeleze, na mimi nilikaa pale nikanywa chai, hiyo ni aibu yangu si yake. Nimekaa kiti cha mbele, nimemwona macho, nimeongea naye mdomo kwa mdomo. Kikao kikiitishwa nitakuja, lakini nitakaa upande wa mwenye kosa, na mbuzi nitatoa mimi. Wenye njaa ya mbuzi wa mkwe wangu watakuwa wamekosa nyama.

Desturi yangu sijaitupa. Kesho sitamtazama usoni tena, na asinitazame. Nikienda kuwatembelea nitalala wapi, sijui. Hilo ndilo kikao kingelijadili kama kina hamu ya kazi.

Na wewe, Baba Neema, uliniuliza kwa mdomo wako, nami nikakwambia uendeshe. Jibu lako hili hapa, bila gari katikati.

Sitaki. Nendeni.

Sasa naituma hii kabla hawajabisha hodi. Halafu napanda ngazi nimsaidie Riziki kufunga vyombo, maana yule akifunga mwenyewe sahani zote zitafika vipande. Na asubuhi ile ya kwanza wakishakwenda, nikiamka kwa mazoea, uji nitamkorogea nani?